Punje za Kwanza

Harufu ya mahindi ya mbegu si harufu ya mahindi ya kula. Ya kula hunukia vumbi na gunia. Ya mbegu, yale yanayofungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya meko msimu mzima, hunukia moshi na masizi, na ndani yake kuna kitu kingine, kama nguo ya mtu aliyekaa jikoni kutwa. Juzi hindi moja la namna hiyo lilifika nyumbani kwangu hapa Suna, limeviringishwa ndani ya mfuko wa unga, na kabla sijafungua fundo nilijua limetoka wapi.

Binti yangu alikuwa mezani na vitabu. Anajiandaa kwa mtihani wa gredi ya tisa, na siku hizi haketi, anajiegesha tu. Nusu ya mwili iko kitini, mguu mmoja unapiga sakafu bila kuchoka. Alilichukua lile hindi akaligeuza.

"Mama, panya wamelila. Tazama hapa kwenye ncha, punje hazipo. Nani huyu anatutumia mabaki ya panya?"

"Si panya," nilimwambia. "Soma kwanza."

Nikaliweka hindi juu ya kabati. Nikalitoa, nikalipeleka dirishani, nikalirudisha kabatini. Chai ikapoa. Ninyi wa rika langu mnaolea watahiniwa mnaijua hali hii: mtihani ni wa mtoto, lakini anayekosa usingizi ni wewe. Kwangu mimi kuna zaidi ya hapo. Nikinusa moshi ule narudi mwaka wangu wa darasa la nane, wakati nilipoamini kwa moyo wote kwamba nikifaulu mtihani, kaka yangu atakufa.

Tulisoma darasa moja, mimi na Odhiambo, ingawa yeye ndiye mkubwa. Alipokuwa darasa la tano alivunjika mguu. Mfupa ukaunga vibaya, ikabidi uvunjwe tena, na alipoweza kutembea hadi shuleni alinikuta nimemfikia. Tukakalia dawati moja. Watu walimwita Odhis. Alikuwa mrefu, mwenye kuchechemea kidogo, na kicheko chake kilikuja ghafla kama mtu aliyesukumwa. Ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Hesabu za sehemu alinifundisha kwa kukata muwa. Nilipokataa kuamini habari za pembetatu, alichora moja kwenye karatasi ya kalenda, akazinyofoa pembe zake na kuzipanga pamoja, zikalala juu ya mstari mnyoofu bila pengo. "Haya, bishana na karatasi," akasema. Mpaka leo mtoto akinijia na pembetatu inayomsumbua, namtafutia kwanza karatasi ya kupasua.

Kwetu ni upande wa Nyatike, kwenye vilima. Ukisimama juu unaliona ziwa upande mmoja, na upande wa pili unaliona vumbi la Osiri, ambako watu huchimba dhahabu kwa sululu na kamba. Tuliambiwa tangu tukiwa wadogo kwamba Osiri si mahali pa mtoto. Tuliambiwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba tuliacha kusikia.

Mwishoni mwa muhula wa pili tukafanya mtihani wa majaribio. Mwalimu wetu alisoma majina kuanzia aliyeongoza hadi wa mwisho, na kila aliyetajwa alisimama. Mimi nilisimama mapema. Kisha nikasubiri jina la Odhis. Nikasubiri mpaka miguu ikaniuma. Lilipotajwa hatimaye, kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Omera, ndugu yangu Odhis! Msichana wenu amekupita kama pikipiki!"

Darasa likacheka. Odhis aliinama kama mtu anayetunzwa zawadi. "Hiyo pikipiki nimeiunda mimi," akajibu. "Sasa nyinyi tokeni barabarani."

Nilicheka na wengine. Sikuona ubaya wowote bado. Ubaya ulianza mvua iliponyesha.

Mwaka huo vuli iliwahi. Majirani walipanda, na punde mashamba yao yakaanza kuchungulia kijani. Shamba letu lilikuwa limelimwa, limelainishwa, limelala tu linangoja. Mama alikuwa akienda kusimama kando yake, akirudi, akienda tena. Mbegu zilikuwa juu ya meko. Jembe lilikuwa mlangoni. Hapandi.

Nieleze kidogo kwa wale wasiotoka kwetu. Katika boma la Wajaluo mbegu haitoki ovyo ovyo. Inatoka kwa daraja. Mke mkubwa wa boma ndiye anayetupa punje za kwanza ardhini, na wengine wote humfuata, kila mtu kwa zamu ya ukubwa wake. Kwetu mkubwa huyo alikuwa bibi yetu, Dani, na Dani alikuwa mgonjwa, amepelekwa Homa Bay kwa shangazi yetu ili awe karibu na hospitali. Kwa hiyo mvua ilinyesha, udongo ukalowa, na mama akangoja.

"Mama, si upande tu?" nilimwuliza, nikiwa nimesimama katika mlango wa jikoni. "Ya jirani yameshaota."

"Mkubwa hajatangulia."

"Na ukitangulia wewe?"

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Mdogo hampiti mkubwa, Achieng'. Akimpita, chira inaingia."

"Chira inafanya nini?"

"Mtu anakonda. Anakohoa. Anakwisha huku anatembea. Na haichagui aliyekosa, inaweza kumwangukia yeyote wa nyumba hiyo. Sasa toka mlangoni, unazuia moshi."

Mama alikuwa akizungumza habari za mahindi. Mimi nilisikia habari za mtihani.

Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, nilimtazama Odhis akivua shati ili alifue, na nikaona mifupa ya mabega yake. Sikumbuki kama ilikuwa imetokeza hivyo zamani. Akakohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Nikaanza kumchunguza kila siku. Alikuwa amekonda kweli. Alisinzia juu ya kitabu. Jumamosi aliondoka mapema akisema anakwenda kucheza mpira, na aliporudi alipitia mtoni kuoga kabla hajaingia bomani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa hiari yake tangu azaliwe. Na hata baada ya kuoga, kope zake zilikuwa na weupe, na katika mikunjo ya masikio kulikuwa na kitu kama majivu.

Nilijua majivu yale ni ya nini. Mtu anayekwisha, nilijiambia, huanza kugeuka udongo kidogo kidogo, kuanzia pembeni.

Nilimpita darasani, na chira imeingia. Kwangu ilikuwa hesabu nyepesi, yenye jibu moja.

Baada ya hapo Dani akarudi, ameletwa na shangazi yetu, Waya, dada wa baba. Waya alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla miguu haijaanza kumsumbua, na alikuja akiwa amepanga kukaa mpaka mtihani wetu uishe, amwuguze mama yake na atusimamie sisi. Baba alikuwa na biashara yake ya ng'ombe kule Ogwedhi, alikuja na kuondoka, kwa hiyo boma likawa mikononi mwa wanawake hao, na likachangamka.

Siku iliyofuata mama na Odhis walimbeba Dani kwenye kiti mpaka shambani. Mama akampukuchulia punje chache kutoka ncha ya hindi, akamwekea kiganjani. Mkono wa Dani ulitetemeka. Nyingine zilianguka kwenye sketi yake, lakini chache zilifika kwenye shimo, na mama akazifukia kwa mguu.

Tukabaki tumesimama kama tuko kanisani.

"Haya!" Dani akafoka. "Mlikuwa mnalia njaa, sasa mnanitazama kama picha. Pandeni, mvua itawacheka!"

Mama alipanda shamba zima siku hiyo, karibu anakimbia.

Masomo ya Waya yalikuwa uani. Ubao wake ulikuwa mlango wa jikoni, mlango wa bati uliopakwa rangi nyeusi, na mama alipotaka kuingia na sufuria ilibidi hesabu ifunguliwe pamoja na mlango. Waya hakuuliza jibu. Alisema, "Jibu liache kwanza. Niambie umepita njia gani." Ukikosea, hakukwambia umekosea. Alikurudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka mahali ulipojikwaa, na hapo akanyamaza akakuacha uone jiwe mwenyewe. Nimefundisha watoto wengi tangu wakati huo, wangu na wa wenzangu, na sijapata njia bora.

Kwenye insha alikuwa mkali zaidi. Odhis alikuwa amekariri mwanzo mmoja ambao aliubandika kila mahali: jua lilikuwa likichungulia kwa haya kama bibi harusi.

"Odhiambo," Waya akasema, "hii insha ni ya ajali ya barabarani. Bibi harusi ametoka wapi?"

"Alikuwa ndani ya gari, Waya."

Waya alicheka mpaka akaegemea ubao, na mgongo wake ukafuta hesabu nusu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na kazi yangu. Katika kila zoezi nilichungulia karatasi ya Odhis kwanza, kisha nikahakikisha nimekosa zaidi yake. Msidhani ni kazi rahisi. Kukosa kwa kutojua hakuna jasho, lakini kukosa kwa kukusudia ni lazima ulijue jibu, ulitazame usoni, halafu ulikimbie. Na Odhis alikuwa akichoka kila wiki, akizidi kushuka, kwa hiyo nami ilinibidi nishuke. Tulikuwa kama watu wawili wanaoteremka shimoni kwa kamba moja, wa chini hajui kwamba wa juu anamfuata.

Na kikohozi hakikuisha. Hilo ndilo lililonivuruga. Nilikuwa nimelipa, mbona deni halikubali? Nikawaza labda bado sijashuka vya kutosha. Sikuweza kukaa. Nilinyanyuka kunywa maji, nilinyanyuka kufukuza kuku ambao hawakuwepo, nilivuta uzi wa sketi mpaka pindo likafumuka. Mama aliamua nina minyoo, akanipa dawa chungu na kunisimamia mpaka nimeze.

"Achieng', hili ulilijua jana," Waya aliniambia akinionyesha mlango.

"Nimesahau."

"Kichwa si chujio, nyathina, mwanangu. Kinachoingia jioni hakiwezi chote kuwa kimechujuka asubuhi."

Lakini aliniacha. Alikuwa na subira ya mvuvi wa ndoano. Sasa ninaelewa kwamba alikuwa akinitazama vile mimi nilivyomtazama Odhis.

Palizi ilipofika, Jumamosi moja, Waya alikuja nasi shambani na kijembe kidogo. Mama alikuwa mbele. Odhis alikuwa amekwenda kwenye mpira wake. Waya akaanza kuuliza maswali huku tunapalilia, polepole, kama mtu anayepiga soga. Shamba hili likiwa na urefu huu na upana ule, uzio wake utakuwa na urefu gani? Nikajibu. Mama akivuna magunia kadhaa na panya wakila sehemu ya tano, anabaki na nini? Nikajibu. Tangi la maji linajaa kwa bomba moja na kuvuja kwa jingine. Nikajibu, tena nikamweleza kwa nini watu wengi hukosea hapo. Mikono yangu ilikuwa na kazi, macho yalikuwa kwenye magugu, na hapakuwa na karatasi ya Odhis ya kuchungulia. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu mvua ianze.

Kijembe cha Waya kikanyamaza.

"Umepata yote," akasema. "Hata lile la tangi, ambalo nilikuwa nakutega. Kumbe kichwa kinajua. Mkono ndio unaokataa. Huo mkono wako umegombana na nani?"

Nilitaka kusema nina minyoo. Badala yake nikasema, "Nikimpita Odhis, atakufa."

Hakucheka. Alijishusha taratibu, miguu ile mibovu ikimpa tabu, akakaa chini katikati ya mahindi yaliyomfika mabegani.

"Haya," akasema. "Umepita njia gani kufika hapo?"

Nikamweleza hatua kwa hatua. Majina yaliyosomwa darasani. Mbegu zilizongoja. Mdogo hampiti mkubwa. Mtu anakonda, anakohoa, anakwisha huku anatembea. Nikamweleza habari za kope na masikio. Nilipofika kwenye majivu nikang'oa mhindi mzima badala ya gugu.

Waya akanyosha mkono nimwinue. "Njia yako ni nzuri," akasema. "Unafikiri vizuri, usiache. Lakini kuna hatua moja sijaridhika nayo. Hayo majivu. Twende tukayatazame."

Tukavuka kilima mchana huo kweupe, yeye akiniegemea begani. Nilidhani tunakwenda uwanjani. Tulipita uwanja, hakukuwa na mpira wala wachezaji, tukaendelea kuelekea kwenye vumbi.

Kelele ndiyo iliyotupokea. Watu walikuwa wameketi safu kwa safu chini ya matandiko ya plastiki, akina mama, vijana, watoto, kila mmoja na nyundo na jiwe la kupondea mawe ya dhahabu juu yake. Hewa ilikuwa nyeupe. Na pale mwishoni mwa safu, amejifunga kitambaa mdomoni, mguu mbovu ameunyosha mbele, alikuwa kaka yangu, mweupe kuanzia nywele hadi vidoleni. Akiinua nyundo, vumbi linapanda. Akiishusha, anakohoa.

Waya alisimama mbele yake. "Odhiambo. Mpira unaendeleaje?"

Odhis aliinua macho. Alimtazama Waya, akanitazama mimi, akaitazama nyundo. "Tumefungwa, Waya," akasema.

Tukashuka pamoja naye mpaka mtoni. Waya aliketi juu ya jiwe akamwambia aoge, kisha akaniambia, "Mwambie uliyoniambia."

Nikamwambia. Kile kicheko chake kilimtoka ghafla, kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka akashika magoti, na nilipomwona hivyo nikaanza kulia upya. Akaja akaketi karibu yangu, analowesha nguo zangu.

"Ni vumbi, wewe. Tazama." Akajisugua sikio, akanionyesha kidole. "Umewahi kuona chira inayotoka kwa maji?"

"Kwa nini ulikuwa huko?"

Aliokota kijiwe akakitupa majini, akaokota kingine. Alikuwa kijana asiyetulia kama mimi, lakini sikuwa nimewahi kumwona akitafuta maneno. "Nilisikia majina yakisomwa," akasema. "Nikajua wewe ndiye utakayeendelea. Mimi nimekuwa nikisoma kwa kukimbiza tangu mguu huu uvunjike. Nikaona nijitafutie kazi mapema, ili siku ya matokeo mama asinihuzunikie."

Kumbe wakati mimi nikijishusha ili asianguke, yeye alikuwa amekwisha kujitoa njiani ili nipite. Tulikuwa tumekaa dawati moja miezi yote ile, viwiko vinagusana, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Ingekuwa vizuri niwaambie kwamba hofu iliniacha hapo mtoni. Haikuniacha. Kichwa kilielewa habari za vumbi. Tumbo lilikumbuka uso wa mama pale mlangoni. Waya alinieleza kwamba desturi ya shamba ni ya shamba, na mtihani hauna mke mkubwa, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku mguu wangu ukichimba mchanga. Odhis aliuona mguu huo.

"Sikia," akasema. "Dani alitupa punje ngapi?"

"Chache tu. Nyingine ziliangukia sketi."

"Na mama?"

"Shamba lote."

"Dani alikasirika kwa kuwa mama amepanda nyingi kumshinda?"

"Alikasirika kwa kuwa tunachelewa."

"Basi. Mkubwa anatakiwa kuanza. Nani alikwambia ni lazima amalize mbele? Siku hiyo mimi nitaanza. Wewe ngoja uone nimeanza, halafu upande mpaka mwisho wa shamba. Na ole wako uache mstari."

Nilimtazama Waya. Alikuwa akigeuza uso kuelekea upande wa pili wa mto.

Mama aliposikia habari za Osiri alilia, akagombana, akalia tena, na kuanzia hapo Odhis hakutoka bomani bila mtu kujua anakwenda wapi. Jumamosi alikaa uani na sisi. Kikohozi kilipungua, mashavu yakarudi kidogo. Mlango wa jikoni ulijaa mpaka chini. Mimi niliacha kuchungulia karatasi yake, ingawa kila zoezi kabla sijaandika nilisubiri nisikie penseli yake ikigusa karatasi.

Siku ya mtihani madawati yaliachanishwa, hewa ikapita kati yetu. Odhis alikuwa safu ya pembeni, mbele yangu, namwona mgongo. Karatasi zikagawanywa. Tukaambiwa tuanze. Wote wakainama, na mimi nikakaa wima, mikono mapajani, namtazama.

Akainua mkono wake juu ya kichwa, penseli ikiwa katika vidole, na akavifungua vidole vyote isipokuwa viwili vilivyoishika, kama mtu anayemwaga mbegu. Kisha akashusha mkono akaandika.

Nikaandika.

Karatasi ya pili, alipoinua mkono, msimamizi akamwona. "Wewe mrefu! Unamwashiria nani?"

Chumba kikaganda. Kila mtahiniwa wa enzi zetu anajua neno lile lilikuwa na uzito gani. Mtu angeweza kutolewa nje, na jina lake lote kufutwa.

"Simwashirii mtu, mwalimu. Mkono umekufa ganzi."

"Ganzi, na hujaandika hata jina?"

"Ni ganzi ya uoga, mwalimu."

Mtu fulani alikoroma kicheko puani. Msimamizi alikagua mikono yake, akakagua dawati, hakupata kitu. Akamhamishia mbele kabisa, nyuma ya nguzo, chini ya macho yake mwenyewe.

Sikuweza kumwona tena. Ilikuwa karatasi ya hesabu. Penseli zilikuwa zikikwaruza pande zote kama mvua juu ya bati, na yake haikuweza kutambulika miongoni mwao. Nilijiambia ameanza. Hakika ameanza. Mkono ulikataa. Nilitazama nguzo, nikatazama karatasi, nikatazama nguzo. Muda ulikuwa ukinipita na nilijua kwamba huu ndio mtihani, kwamba hakuna mlango wa jikoni wa kurudia kesho, na bado nilikaa.

Ndipo nyuma ya nguzo mtu akakohoa.

Kikohozi kikavu, kifupi, cha mtu anayebisha hodi. Kilikuwa kile kile nilichokuwa nimekisikiliza kwa hofu tangu mvua za kwanza, nikikihesabia kaburi. Kikarudi tena, safari hii kwa makusudi, kwa ukali, karibu kama Dani akifoka: pandeni!

Nikainama. Sikuinua uso mpaka karatasi ilipokwisha, na sikuacha mstari.

Nilimpita, tena kwa mbali. Nilipata nafasi katika shule ya bweni upande wa Homa Bay, yeye akapata shule ya kutwa karibu na nyumbani, ambayo wakati mmoja hakutarajia hata hiyo. Siku ya matokeo nilijificha ghalani. Alinifuata akachungulia. "Kumbe shamba limeota," akasema. "Toka huko, kuna panya." Sasa ni fundi wa pampu za maji, ana watoto, ana shamba, na tangu Dani na mama watutoke, yeye na mkewe ndio wanaotoa mbegu bomani. Kifua chake hakikupona kabisa. Vumbi la Osiri halikuoshwa lote na maji ya mto, na msimu wa baridi husumbuka. Sipendi kulifikiria sana jambo hilo, na hulifikiria kila msimu wa baridi.

Binti yangu alikuwa ameacha kuandika kitambo. Nilikuwa nimemsimulia yote haya, nikitembea kati ya kabati na dirisha.

"Kwa hiyo hizi punje..." Alishika ncha ya hindi.

"Mjomba wako ameshazipanda, nyuma ya nyumba yake. Humfanyia hivyo kila mtoto wa ukoo mwenye mtihani."

Aliliweka hindi kando ya kitabu chake cha hesabu. Mguu ulitulia kidogo, kisha ukaanza tena, polepole zaidi. Simu yangu ikalia. Alikuwa Odhis.

"Limefika?"

"Limefika. Mpwa wako alidhani ni panya."

Kicheko chake kikatoka ghafla, kama kawaida, na kama kawaida kikageuka. Mimi hukitegea sikio kikohozi kile hata leo, nikikipima, je, kimeongezeka? Lakini binti yangu alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Niliisogeza simu mpaka karibu na vitabu vyake, kaka yangu akiendelea kukohoa kule Nyatike, na mtoto akachukua penseli.